Starehe Isiwe Chanzo cha Uziwi

Kustarehe baada ya kazi ni haki ya kila mtu afanyaye kazi. Hakuna jamii iliyopata kuishi bila ngoma, wala hakuna mwenye busara atakayetaka kumbi za muziki zifungwe milango, wapiga ala wakose riziki na vijana wakose mahali pa kukutana. Lakini haki hiyo, kama haki nyingine zote, ina mpaka wake. Mpaka huo huvukwa pale ambapo jambo lililokusudiwa kumpumzisha mwananchi linapoanza kumwondolea uwezo wa mwili ambao hakuna hospitali yoyote duniani inayoweza kumrudishia kamili. Uwezo huo ni wa kusikia.

Kwa miaka mingi suala la kelele za baa na kumbi za starehe nchini Tanzania limezungumzwa kama ugomvi wa majirani. Mmoja anataka kulala, mwingine anataka kucheza. Malalamiko hupelekwa kwa mjumbe, kisha katika ofisi ya serikali ya mtaa. Pengine polisi huitwa. Sauti hupunguzwa kwa muda wa saa moja, kisha hupandishwa tena. Mtazamo huo una ukweli wake, lakini ni ukweli wa nusu. Unamsahau mtu aliye karibu zaidi na spika kuliko jirani yeyote, yaani yule aliyemo ndani ya ukumbi. Na kati ya waliomo ndani, unamsahau hasa yule ambaye hana hiari ya kuondoka: mfanyakazi.

Yafaa kwanza ifahamike jinsi sikio linavyofanya kazi, kwa sababu wengi hudhani kwamba kinachoharibiwa na sauti kubwa ni kile kiwambo kilichomo ndani ya tundu la sikio. Kiwambo kikipasuka aghalabu hupona. Madhara makubwa hutokea ndani zaidi, katika kijumba kidogo kilichojiviringa mithili ya konokono. Humo mna chembe hai zipatazo 15,000 katika kila sikio, zenye vinyweleo vyembamba ambavyo hupinda na kuinuka kadiri mawimbi ya sauti yanavyopita, kama majani ya mpunga yainamavyo kwa upepo. Ni chembe hizo zinazogeuza mtikisiko kuwa habari ambayo ubongo unaielewa. Upepo wa kawaida hauudhuru mpunga. Dhoruba huulaza chini. Tofauti ni kwamba mpunga hupandwa tena msimu ujao. Chembe za sikio la binadamu zikishakufa hazioti tena.

Dalili za dhoruba hiyo zinajulikana na kila aliyewahi kutoka katika ukumbi wa muziki saa nane za usiku. Masikio huvuma, na sauti za watu husikika kana kwamba zinatoka nyuma ya ukuta. Asubuhi au siku ya pili hali hiyo hutoweka, na mhusika hujiambia kwamba amepona. Wataalamu hawakubaliani na matumaini hayo. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Sharon Kujawa na Charles Liberman, walionyesha kwa kutumia panya kwamba hata pale ambapo vipimo vya kawaida vya usikivu vimerudi katika hali yake, viungio vya neva vinavyopeleka habari kutoka sikioni kwenda kwenye ubongo vinaweza kuwa vimekwisha kupotea kwa wingi. Kwa hiyo mvumo wa masikio baada ya starehe usichukuliwe kuwa uchovu tu. Ni onyo, na kila linaporudiwa huenda likaacha hasara nyuma yake.

Hasara hiyo huingia polepole. Haina damu wala jeraha, na mara nyingi haina maumivu. Sauti nyembamba ndizo zinazoanza kupotea, nazo ndizo zinazobeba konsonanti kama s, sh, f na t. Vokali, ambazo ni nzito, hubaki. Matokeo yake ni kwamba mtu husikia kuwa anasemeshwa lakini hatambui anaambiwa nini. "Fika", "pika" na "shika" huwa neno moja masikioni mwake. "Sita" na "tisa" hazitofautiani. Katika chumba chenye utulivu anaweza kubahatisha kwa kutazama midomo ya msemaji. Katika mkutano, sokoni au darasani, hupotea kabisa. Huanza kuonekana mzito wa akili au mwenye kiburi, naye huanza kujitenga na watu. Wengine huongezewa mzigo wa mvumo usiokoma, usiku na mchana, ambao hauna dawa ya kuuondoa moja kwa moja.

Jambo la pili linalohitaji kueleweka ni kipimo. Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki humdanganya mtu aliyezoea kilo na mita. Atadhani kwamba desibeli 100 ni zaidi kidogo tu ya desibeli 90. Sivyo. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa mara 10 ya ilivyokuwa. Na zikiongezeka 3 tu, nguvu hiyo huwa maradufu. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia kama desibeli 60. Katika kumbi za disko na mbele ya jukwaa la muziki, desibeli 100 na zaidi ni jambo la kawaida duniani kote. Baina ya 60 na 100 nguvu ya sauti huongezeka mara 10,000. Fundi mitambo anayesukuma kitufe chake juu kidogo tu ili kuchangamsha ukumbi, huenda anawaongezea wateja wake nguvu maradufu bila yeye wala wao kutambua.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kiasi ambacho sikio linaweza kustahimili kwa juma moja. Sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa kwa saa 40 kwa juma. Ikifika desibeli 90, muda hupungua hadi saa 4. Ikifika 100, muda unaobaki ni dakika 20 tu kwa juma zima. Hesabu hiyo haihitaji shahada. Kijana anayekaa saa 4 Jumamosi moja katika ukumbi wenye desibeli 100 amekwisha kutumia fungu la majuma 12. Na kijana huyo hayuko peke yake. Shirika hilo linakadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 1 duniani, wenye umri wa miaka 12 hadi 35, wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza muziki wa sauti kubwa kwa muda mrefu, iwe kumbini au kwa vifaa vya kuvaa masikioni. Ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu ilieleza kwamba ifikapo mwaka 2050 watu karibu bilioni 2.5 watakuwa na upungufu wa usikivu wa kiasi fulani.

Sasa na aangaliwe mhudumu wa ukumbi huo huo. Huyu haji Jumamosi moja kwa mwezi. Huja siku sita kwa juma, na kila siku hufanya kazi saa nane, pengine zaidi. Tuseme yuko mbali na spika, nyuma ya kaunta, ambapo sauti ni desibeli 90 tu. Saa zake 48 za juma moja ni mara 12 ya kiasi kilichotajwa. Ikiwa anapeleka vinywaji karibu na jukwaa, ambapo sauti ni desibeli 100, basi katika juma moja hupokea kiasi ambacho kingepasa kugawanywa katika majuma 144, yaani zaidi ya miaka miwili na nusu. Kisha Jumatatu huanza upya. Wengi wa wahudumu hao ni wasichana na wavulana wenye umri wa miaka ishirini na kidogo. Bado wana miaka arobaini ya kufanya kazi na kulea watoto, na kazi zote hizo zinahitaji masikio.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo au wa mashine ya kukata mbao anatambuliwa na kila mtu kwamba yumo katika kelele, na mwajiri wake akikataa kumpa vifaa vya kuziba masikio, mkaguzi atamuuliza. Sikio la mhudumu wa baa ni sikio lile lile. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 iliwekwa kuwalinda watu walioko kazini, na ukumbi wa muziki ni mahali pa kazi. Uziwi utokanao na kelele za kazini umo katika orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani iliyorekebishwa mwaka 2010. Fidia kwa anayeugua kwa sababu ya kazi yake nayo ina sheria yake, ile ya mwaka 2008. Sheria hizo zipo. Kinachokosekana ni mazoea ya kumhesabu mhudumu, mlinzi wa mlangoni, mpishi wa nyama choma, mpiga santuri na mwanamuziki mwenyewe kuwa ni wafanyakazi kama wengine.

Wako watakaosema kwamba muziki si kelele, kwa hiyo haufai kulinganishwa na mashine. Kwa moyo wa msikilizaji hilo ni kweli. Kwa chembe za sikio si kweli hata kidogo. Nchini Uingereza kanuni za mwaka 2005 za kelele kazini zilianza kutumika kwa sekta ya muziki na burudani mwezi Aprili 2008, baada ya sekta hiyo kupewa muda wa kujitayarisha. Tangu hapo mwenye ukumbi huwajibika kama mwenye kiwanda. Wanamuziki wenyewe wamekwisha kutoa ushuhuda. Mwaka 1976 bendi ya The Who ilipiga mjini London katika uwanja wa mpira wa Charlton, na sauti ikapimwa desibeli 126 kwa umbali wa mita 32. Kwa miaka kadhaa jambo hilo liliandikwa katika kitabu cha rekodi kama ushindi. Baadaye wachapishaji wa kitabu hicho waliacha kuweka rekodi ya namna hiyo ili wasiwahimize watu kuharibu masikio. Mpiga gitaa wa bendi hiyo, Pete Townshend, ameeleza hadharani mara nyingi jinsi usikivu wake ulivyoharibika.

Wako pia watakaosema kwamba sauti kubwa ndiyo desturi na ndiyo utamaduni. Hoja hiyo inahitaji kupimwa kwa historia. Muziki wa dansi uliolitumbuiza taifa katika miaka ya 1960 na 1970, tangu NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 hadi Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, ulipigwa kwa vyombo ambavyo nguvu yake ni ndogo mno ikilinganishwa na mitambo ya leo. Watu walicheza mpaka asubuhi, na maneno ya nyimbo yalisikika kiasi kwamba yamehifadhiwa vichwani mwa wazee mpaka leo. Katika muziki ule mashairi yalikuwa na uzito wake, na shairi lisilosikika halina faida. Ni baadaye, vyombo vya umeme vilipozidi kuwa na nguvu na bei yake kushuka, ndipo ukubwa wa sauti ulipogeuka kuwa kipimo cha ubora. Mchiriku, na baada yake singeli, ambayo mapigo yake yanaweza kuzidi 200 kwa dakika, ni sanaa halali zilizozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam, na vijana waliozibuni wanastahili heshima. Lakini kasi ya mapigo ni jambo moja na wingi wa desibeli ni jambo jingine. Singeli haipungukiwi na chochote ikichezwa kwa kiasi.

Hoja ya tatu ni ya biashara. Wenye kumbi husema kwamba sauti ikipunguzwa wateja watahamia kwa jirani. Hofu hiyo ina msingi iwapo mmoja atapunguza na wengine wakaachwa. Ndiyo maana sheria inatakiwa iwaguse wote kwa usawa. Nchini Ufaransa, kwa amri ya Serikali ya mwaka 2017, sauti katika kumbi haipaswi kuzidi wastani wa desibeli 102 kwa dakika 15, na katika shughuli zilizotayarishwa kwa watoto wasiozidi umri wa miaka 6 haipaswi kuzidi 94. Amri hiyo haikuzifunga kumbi za Paris, wala Wafaransa hawakuacha kucheza kwa sababu yake. Mwenye ukumbi mwerevu atatambua pia kwamba mteja anayeweza kuzungumza na mwenzake hukaa muda mrefu zaidi, na agizo lake la chakula husikika mara ya kwanza.

Mwezi Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha kimataifa kwa ajili ya kumbi na shughuli za muziki. Mambo yaliyomo ni sita, nayo hayana ugumu. Wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa dakika 15. Sauti ipimwe muda wote muziki unapopigwa, kwa chombo kilichosahihishwa. Ukumbi na mitambo vipangwe ili sauti iwe nzuri na salama. Wahudhuriaji wapatiwe vizibo vya masikio. Pawepo na mahali patulivu ambapo mtu anaweza kwenda kupumzisha masikio. Na wafanyakazi wapewe mafunzo na habari. Ikumbukwe kwamba desibeli 100 zilizotajwa ni dari, hazikuwekwa kuwa sakafu. Ni kikomo kwa mgeni anayekuja mara moja moja, na hazimfanyi salama yule anayeshinda humo kila siku.

Tanzania haikosi sheria zake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka msingi wa viwango vya kelele, na mwaka 2015 zikatungwa kanuni mahsusi za kudhibiti uchafuzi utokanao na kelele na mitetemo. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ilikwisha kuweka utaratibu wa leseni na saa za kuuza. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1984, lina mamlaka yake juu ya shughuli za sanaa. Mwezi Mei 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilifungia makumi ya baa na kumbi katika miji mbalimbali kwa kosa la kupiga kelele kupita kiasi, na hatua hiyo ikazua mjadala nchini kote. Wengine walipongeza, wengine walilalamika kwamba riziki za watu zimeguswa.

Mjadala ule ulikuwa na manufaa, lakini ulionyesha upungufu uliopo. Kumbi hufungwa baada ya malalamiko kurundikana, na hufunguliwa baada ya faini na ahadi. Katikati ya mambo hayo mawili hakuna kazi ya kila siku. Kipimo kikipelekwa, husimamishwa uani au kwenye nyumba ya jirani, mahali ambapo ni haki kabisa kisimamishwe. Lakini ni nadra kiingizwe ndani hadi kwenye kaunta, anaposimama mhudumu. Ofisi moja hutoa leseni ya vileo, nyingine kibali cha muziki, ya tatu hushughulikia mazingira, ya nne afya, ya tano usalama wa kazi. Kila moja husubiri nyenzake ianze. Katika hali kama hiyo sikio la mwananchi halina mwenyewe.

Yapo na mambo ambayo hayapendezi kusemwa, lakini yanapasa kusemwa. Si mara chache afisa ambaye kazi yake ni kuzuia kelele huwa mgeni rasmi katika sherehe ambayo spika zake zinatikisa viti. Hukaa meza ya mbele, hutabasamu, huondoka masikio yakimvuma, na Jumatatu hutia sahihi kibali kingine. Harusi na karamu za kumuaga bibi harusi hufanywa katika kumbi zilizozungukwa na maspika marefu kuliko mtu, huku watoto wachanga wamelazwa mapajani mwa mama zao, hatua chache kutoka hapo. Hata shule nyingine, katika siku ya mahafali, hukodi mitambo ambayo ingetosha uwanja wa mpira na kuielekeza kwa watoto waliokaa chini kwenye nyasi. Hakuna mwenye nia mbaya katika yote hayo. Lipo zoea tu, na zoea ambalo halijahojiwa huwa sheria.

Madhara kwa jirani nayo hayapaswi kudharauliwa kwa kuwa yamezungumzwa sana. Usingizi unaokatwa katwa hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu hata kama mwenye kulala hakuamka kabisa. Mwili huchukulia kelele kuwa hatari na kujiandaa kupambana nayo, usiku kucha. Mgonjwa hucheleweshwa kupona. Mwanafunzi anayelala umbali wa nyumba mbili kutoka baa hufika darasani akiwa na macho mekundu, na mwalimu humwita mvivu. Aghalabu ni mtaa wa watu wa kipato kidogo unaobebeshwa mzigo huo, kwa maana mwenye uwezo huhamia penye utulivu au hujenga ukuta mrefu. Wanaosema kwamba asiyetaka kelele ahamie shamba wanasahau kwamba mpangaji wa chumba kimoja hana shamba la kuhamia.

Nini basi kifanyike? Kwanza, kibali cha muziki kisitolewe wala kuhuishwa kabla ukumbi haujapimwa, ndani na nje, muziki ukiwa unapigwa kwa kiwango cha kawaida cha mwishoni mwa juma. Kipimo cha mchana, ukumbi ukiwa mtupu, hakina maana. Pili, kila halmashauri iwe na vyombo vya kupimia na watu waliofundishwa kuvitumia, nao wafanye ziara za usiku. Afisa anayefunga ofisi saa tisa na nusu alasiri hawezi kudhibiti jambo linaloanza saa tatu usiku. Tatu, mitambo ya kumbi za kudumu iwekewe kifaa cha kuzuia sauti isipande juu ya kikomo, kisha kifungwe, ili ubishi kati ya fundi na wateja umalizike.

Nne, waajiri wa kumbi wawape wafanyakazi vizibo vya masikio, wawazungushe zamu ili asiwepo mtu anayekaa mbele ya spika usiku kucha, na wawapeleke kupimwa usikivu wanapoanza kazi na kila mwaka baada ya hapo. Gharama ya vizibo ni ndogo kuliko ya kreti moja ya bia. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo vimezoea kuwaandama wenye viwanda, vielekeze macho pia kwa wahudumu wa baa, ambao wengi wao hawana hata mkataba wa maandishi. Asiye na mkataba hathubutu kudai kizibo, na akipoteza usikivu hana pa kuanzia kudai fidia.

Tano, mafundi mitambo na wapiga santuri wafundishwe kazi yao. Spika nyingi ndogo zilizotawanywa vizuri huwafikia watu wote bila kuwaumiza walio mbele. Spika mbili kubwa zilizosimamishwa chini huwaziba masikio walio karibu na kuwaacha walio nyuma wakidai sauti iongezwe. Mahali pa wazi, kila umbali unapokuwa maradufu sauti hupungua kama desibeli 6, kwa hiyo kuzisogeza meza nyuma ni hatua isiyogharimu kitu. Spika zikielekezwa ndani na chini, zisielekezwe mtaani, jirani naye hupata nafuu.

Walimu wana nafasi ya pekee katika jambo hili. Somo la sikio limo katika elimu ya viumbe, lakini mara nyingi huishia kwenye mchoro wa kukariri. Lingefaa lihusishwe na maisha ya mwanafunzi mwenyewe: sherehe za mtaani, vifaa vya kuvaa masikioni, disko la likizo. Ipo kanuni rahisi ambayo hata mtoto anaweza kuitumia: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, mahali hapo pana kelele ya kudhuru. Mwalimu anayemwona mwanafunzi akikosea imla kwa kuchanganya konsonanti, au akitazama midomo badala ya ubao, asiharakishe kumwadhibu. Amshauri mzazi ampeleke akapimwe. Na siku ya mahafali, mwalimu mkuu awe wa kwanza kuagiza spika zisogezwe mbali na watoto.

Watumishi wa umma, kwa upande wao, wasingoje mpaka sheria mpya itungwe. Afisa afya anaweza kuandamana na afisa mazingira, na wote wawili wakamwita mkaguzi wa usalama kazini, kwa barua moja ya ukurasa mmoja. Afisa utamaduni anaweza kuweka sharti katika kibali. Mtendaji wa mtaa anaweza kuwakutanisha wenye kumbi na wakazi kabla ugomvi haujafika polisi. Na mgeni rasmi anaweza, kabla hajaanza hotuba yake, kumwita fundi mitambo na kumwomba apunguze sauti. Tendo hilo dogo litafundisha zaidi kuliko hotuba yenyewe.

Wahenga walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Walikusudia mtu asiyeonyeka, lakini maneno yao yanaweza kuchukuliwa jinsi yalivyo. Masikio ya vijana wa leo hayajafa. Bado yanasikia, na dawa yenyewe ni nyepesi: kipimo, kikomo, kizibo na ukaguzi usiochoka. Ikiachwa mpaka vijana hao wafike umri wa kushika madaraka, darasani, mahakamani, hospitalini na katika ofisi za umma, ndipo itakapoonekana kwamba taifa limelea kizazi kisichosikilizana. Kazi ya kuzuia hilo ianze mwishoni mwa juma hili, katika ukumbi wa kwanza utakaopigwa muziki, na ianzie kwa mhudumu aliyesimama nyuma ya kaunta.